Chakula cha Mzazi

Nyapara yule alikuwa na vidole viwili tu vya kazi, cha gumba na cha shahada. Vingine sikuwahi kuviona vikifanya lolote. Asubuhi sisi tuliotafuta kibarua tulipanga mstari nje ya lango la bandari, naye akapita akimbana kila mmoja mkono juu ya kiwiko, kama mtu achaguaye biringani sokoni. Aliyemridhisha alimsukuma upande wa kulia. Asiyemridhisha alimpita bila neno. Mbele yangu alisimama. Akabana, akabana tena, kisha akamgeukia mwenzake aliyeshika daftari.

"Mifupa hii niipakie nini?" akasema. "Enda ule kwanza, kijana. Ukipata mwili, rudi."

Mstari mzima ulicheka, hata wale ambao hawakuwa wamenizidi kwa unene. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimevuka na feri ya kwanza kutoka Likoni bila hata kikombe cha chai ya mkandaa. Wakati wa kurudi sikuweza kusimama mahali pamoja. Nilikwenda kutoka ukingo huu wa feri hadi ule, nikageuka, nikaenda tena, mpaka baharia mmoja akaniambia nichague moja, kukaa au kuruka.

Ilikuwa mwaka mmoja au miwili kabla ya Uhuru. Kila baraza la Likoni lilikuwa na ubishi wa mwambao uwe wa nani bendera ya Mwingereza ikishushwa. Wazee waliokuwa hawajagombana miaka thelathini waliacha kuamkiana kwa ajili hiyo. Ningependa kusema kwamba nami nilikuwa nikiliwaza taifa. Wapi! Nilikuwa nikiiwaza mikono yangu.

Neno lenyewe ndilo lililonipoteza. Kwetu mtu husemwa ana mwili au hana mwili, amepata mwili, ameutupa mwili. Ukilisikia hivyo tangu utotoni utadhani mwili ni kitu cha kwenda kukitafuta na kukileta nyumbani, kama kuni. Mimi niliamua kwenda kuuleta, na niulete upesi. Baba alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Mama alikuwa akisuka makuti ya kuezekea, vidole vimepasuka, na dada yangu mkubwa alikuwa amerudi kwetu kujifungua mimba yake ya kwanza, kama ilivyo ada. Mumewe alikuwa mpishi wa melini, leo Bombei, kesho Durbani, barua moja kwa miezi mitatu. Nyumba ile ilihitaji mwanamume wa kuandikwa kazi, na mwanamume aliyekuwapo ndiye mimi.

Kinyozi wa karibu na feri alikuwa amebandika ukutani picha ya Mzungu kifua wazi, mgongo umejaa vinundu, mikono kama imefura. Chini yake palikuwa na maandishi ya Kiingereza. Nilimuuliza kinyozi yamesema nini. Hakusita hata kidogo.

"Yasema huyu bwana ala mayai sita kila siku," akasema huku akinoa wembe. "Sita. Na ndani ya miezi mitatu alikuwa hivyo umwonavyo."

Nilimwamini. Miaka mingi baadaye, nilipokwisha kujua Kiingereza cha kutosha kusoma lebo, niliiona picha ileile mahali pengine. Lilikuwa tangazo la dawa ya kuchua mgongo. Yai halikutajwa.

Basi nikaanza. Nilitia mchanga kwenye gunia nikawa nalibeba begani kuuzunguka ua, asubuhi na alasiri. Nilinyanyua kinu cha mama mpaka juu ya kichwa, mara ishirini, mara thelathini. Mama alikuwa akingoja na mchi mkononi. "Mwanangu, nirejeshee kinu changu nitwange," alikuwa akisema, "hukioni kisamvu changu?" Nikimaliza kinu nilikwenda kisimani kuteka maji, madebe mawili kwa mti wa begani, na maji yakijaa mtungini nilikwenda tena, hata majirani wakawa wananiletea ndoo zao. Nilijipapasa mkono kila saa. Nilijipapasa msikitini, nikiwa katika safu, mpaka mzee wa jirani akanikanyaga mguu.

Chakula cha nyumbani nilikuwa nakidharau. Tulikuwa na sima, mbaazi za nazi, kunde, mchicha, kipande cha papa mkavu, na samaki wabichi siku za neema. Niliona kunde ni chakula cha vizee. Mama alikuwa na mitetea mitatu, na mayai yake alikuwa akiyauza. Nilimwomba mawili kwa siku. Alinitazama mikono, akayahesabu makuti yaliyokuwa mbele yake, akasema, "Haya. Ukiandikwa, tutapumua." Hakuyauza tena.

Nilitaka kuona faida kwa macho, na hapo ndipo palipoingia mizani. Njia ya Mtongwe palikuwa na mnunuzi wa mbata. Wakulima walimletea nazi zao zilizokaushwa, wamezitia maguniani, naye akazipima kwenye mizani ya chuma yenye jukwaa, ile ambayo unasukuma jiwe dogo kwenye ufito mpaka ukae sawa. Nilimwomba anipime kila Alhamisi. Alikuwa mtu wa mzaha, akakubali. "Mbata hii kavu au mbichi?" akauliza siku ya kwanza nilipopanda, na wateja wakacheka. Nilikuwa ratili mia na kumi na saba.

Wiki ya pili, mia na kumi na saba. Ya tatu, kumi na nane. Ya nne, kumi na saba tena! Nilishuka nikapanda mara ya pili, nikadhani ufito umekwama. Ya tano kumi na tisa, ya sita kumi na nane, ya saba kumi na tisa. Sitaki kueleza hali niliyokuwa nayo kila Jumatano. Chakula kilikuwa hakishuki na maneno ya watu nilikuwa siyasikii. Mtu akiniamkia nilikuwa namjibu nikiwa nimeshampita. Niliutaka mwili ule kama deni ninalodai, na kila Alhamisi naambiwa nije wiki ijayo.

Wiki ya saba dada akajifungua mtoto wa kike, salama, hapohapo nyumbani. Mkunga alitoka chumbani akatutangazia, kisha akamvuta mama kando, lakini sauti yake haikuwa ya kando. "Mwanao hana damu ya kutosha," akasema. "Maziwa ni haba. Na maziwa ya mzazi huingia kwa mdomo wake. Mpe supu, mpe mayai, asikose hata siku moja katika arobaini hii. Akikosa, atakayekonda ni mtoto." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale na gunia langu la mchanga begani. Siwezi kusema sikusikia.

Wakwe zake walijua wajibu wao. Siku ya tatu walikuja na kuku wanane wamefungwa miguu, chupa ya samli, asali, pilipili manga ya kutia kwenye uji, na kikapu cha mayai yaliyolazwa kwenye pumba. Wakasema kikapu kingine kitakuja kila Ijumaa mpaka arobaini itimie. Kwetu chakula cha mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua, hakiguswi na mwingine. Mwanamume akionekana ananawiri na kazi hana, wenzake humuuliza kama nyumbani kwao kuna mzazi. Ni mzaha, lakini ni mzaha ambao watu wamepigania.

Siku ya tano dada aliniita. Nilisimama nje ya pazia, akaupitisha mkono na kibakuli chenye mayai mawili ya kuchemsha.

"Nimeletewa manne," akasema. "Siyawezi yote. Kula, mdogo wangu, uandikwe. Ukishaandikwa mimi nitakula mpaka nikinai."

Nilisema hapana. Nataka iandikwe kwamba nilisema hapana, na iandikwe pia kwamba nilisema mara moja tu. Mama alikuwa akipita na kuni, akaona kibakuli mkononi mwangu. Akaenda zake jikoni. Kesho yake yeye mwenyewe aliyatia mayai mawili ya mzazi kwenye sahani yangu, bila dada kuniita.

Alhamisi iliyofuata nilipanda mizani. Mnunuzi wa mbata hakuwa na mzaha siku hiyo, alikuwa amenuna. Akasukuma jiwe, ufito haukukaa. Akasukuma tena. Likaenda mpaka mia na ishirini na nane.

Ishirini na nane! Ratili tisa kwa wiki moja! Sikuuliza lolote. Nilikimbia njia yote hadi nyumbani, kanzu nimeishika mkononi, nikaingia uani nikipiga kelele kama niliyeona mwezi wa Idi. Mama akasema mashallah, akatema mate kidogo upande ili jicho la hasidi lisinipate. Dada alicheka nyuma ya pazia. "Ni mayai yangu hayo," akasema, kwa furaha kabisa. "Alaa, basi tumeupata ufunguo."

Tangu siku hiyo hatukubishana. Nilikula manne, kisha sita, kama kinyozi alivyoagiza. Kuku akichinjwa, paja na kidari vilikuwa vyangu, na mzazi alipelekewa shingo na supu. Mambo haya yalitendeka kwa upendo. Mama alikuwa akiniangalia ninavyotafuna kana kwamba kila tonge ni mshahara. Kuhusu maziwa hatukuuliza. Mtoto alilia sana, nasi tukasema ana sauti, atakuwa msomaji wa maulidi.

Niliposhindwa kungoja nilivuka kwenda langoni. Niliingia mstarini kifua mbele, mikono nimeitanua kidogo ili isiguse mbavu. Nyapara akaja. Vidole vyake vikabana mahali palepale.

"Bado," akasema, akanipita.

Nilimfuata. Nikamwambia nimeongeza ratili tisa, zimepimwa. Hakugeuka. "Basi umeziweka wapi?" akauliza, na mstari ukacheka tena. Nilirudi Likoni nikiwa na hakika kwamba mtu yule ana kinyongo nami, au ana kabila lake analolipendelea, au nimepigwa jicho. Nilifikiria sababu saba. Ile ya kweli haikuwamo. Nikaamua dawa ni kuzidisha chakula.

Ukweli nilitupiwa na bibi mmoja wa Kidigo, mkulima wa Mtongwe, hapo hapo kwenye mbata. Ilikuwa Alhamisi, nimesimama nikingoja zamu yangu nyuma ya magunia yake. Gunia lake lilipopimwa akapiga makofi.

"Jamani!" akasema, akiwageukia watu wote. "Tangu yule bwana wa serikali aje kuikagua mizani hii na kuitia muhuri wake, magunia yangu yapata mwili! Minazi ni ile ile, gunia ni lile lile, na kila nikija laongeza ratili tisa, kumi. Bwana, kumbe miaka yote hii ratili zangu zalala wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mnunuzi aliinama akatafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwapo. Kisha bibi akaniona. Wote pale walikuwa wananijua, kijana anayepimwa na mbata.

"Na wewe, baba, umeongeza ngapi?"

Mdomo wangu ulijibu kabla ya akili. "Tisa."

"Basi wewe na gunia langu mwala sahani moja," akasema.

Sikupanda mizani siku ile. Niliondoka nikatembea, na hesabu ikanijia njiani bila kuiita. Kama mizani ilikuwa inaiba tisa, basi siku ya kwanza nilikuwa mia na ishirini na sita. Sasa nilikuwa na ishirini na nane. Miezi mitatu ya gunia la mchanga, kinu, mayai ya mama na mayai ya mzazi, na faida yake yote ilikuwa ratili mbili. Nyapara alikuwa amesema kweli. Vidole vyake viwili vilikuwa mizani bora kuliko ile ya chuma.

Mtu mwenye akili angekwenda moja kwa moja nyumbani akasema. Mimi nilikwenda ufukoni nikarusha mawe majini mpaka bega likauma. Nilikuwa na hasira na mnunuzi, na kinyozi, na yule bibi zaidi ya wote kwa kusema kweli mbele za watu. Nilipofika nyumbani sahani yangu ilikuwa imefunikwa kwa kawa, mayai sita, chumvi pembeni. Nikala. Kuacha kula kungetaka maelezo, na maelezo yangetaka nitamke kwamba furaha yote ile ya uani ilikuwa ni udanganyifu wa mizani. Kesho yake nikala tena. Nilijiambia nitasema Ijumaa, kisha Jumapili. Nilikuwa nikila haraka haraka nimesimama, nikitoka nje na tonge mdomoni.

Arobaini ilipotimia mkunga alisema mtoto apelekwe zahanati akapimwe, kwa sababu hapendi anavyoonekana. Mama alikuwa na makuti ya watu ya kumaliza, goti nalo linamsumbua, kwa hivyo nikatumwa kumsindikiza dada. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona vizuri kwenye mwanga wa jua tangu azae. Buibui lilikuwa linampwaya. Mifupa ya shingo yake ilinitisha, nikatazama mbele njia nzima.

Nesi alikuwa mama wa bara, mpana, mwenye sauti kavu na mikono ya upole. Alimvua mtoto nguo, akamlaza kwenye sahani ya mizani. Mtoto alikunja miguu. Ufito ukakaa.

"Saba," nesi akasema. Akapima tena. "Siku arobaini, ratili saba. Huyu ni mtoto wa kuzaliwa jana."

Mimi nilikuwa nimetangaza uani kwamba nimeongeza tisa. Mtoto mzima, na macho yake, na kucha zake, na kilio chake chote, alikuwa saba.

"Mama, wewe unakula nini?" nesi akamuuliza dada.

Nilijua atakalosema, na nilijua lazima niseme mimi kwanza. Nilifungua mdomo. Ukutani palikuwa na picha zilizochorwa kwa mkono, papai, samaki, yai, kikombe cha maziwa. Nikaanza kuzitazama moja moja.

"Nala vizuri, nesi, alhamdulillahi," dada akasema. "Kuku, supu, samli. Na mayai."

"Mayai mangapi?"

"Manne. Siku nyingine sita."

"Kila siku?"

"Kila siku. Wakwe zangu hawaniachi na njaa."

Hakunitazama hata mara moja. Sauti yake ilikuwa shwari, sauti ya mtu anayesifu nyumba yake mbele ya mgeni. Nesi alimfunua dada kope akatazama ndani, akambonyeza kucha. "Sasa hayo mayai yanakwenda wapi?" akauliza, si kwa ukali, kama anayejiuliza mwenyewe. Nikarudi kwenye picha za ukutani. Picha ya yai ilikuwa imechorwa vibaya, upande mmoja umebonyea.

Dada alitoka na mtoto kumvisha nguo kwenye benchi la nje. Mimi nilibaki. Hapo nilikuwa na nafasi ya pili, hapana mtu wa kumwaibisha, mimi na nesi tu. Nanyi mtanisamehe au hamtanisamehe, lakini nilichosema ni hiki:

"Nesi, mtu akifanya mazoezi na kula mayai sita kwa siku, mwili hutoka baada ya muda gani?"

Alikuwa akiandika. Akaendelea kuandika.

"Mwili hautoki, mwili hujengwa," akasema. "Kijana wa umri wako akifanya kazi nzito kila siku, na alale, na ale sawasawa, akipata ratili moja kwa mwezi ashukuru Mungu. Mwaka wa pili atapata chini ya hapo. Na wako waliozaliwa wembamba watakaokufa wembamba, na wana nguvu kama punda."

"Na mayai sita?"

"Sita ya nini? Mawili na samaki wake na kunde zake yanamtosha. Yaliyozidi mwili hauna pa kuyaweka. Anakwenda kuyaacha chooni." Hapo akainua macho. Alinitazama usoni, akaniangalia mkono ambao nilikuwa nimeushika juu ya kiwiko bila kujijua, kisha akatazama mlango aliotokea dada. Kalamu ikasimama.

"Nyumbani kwenu," akasema polepole, "mayai ni sita kwa siku kwa jumla, au ni sita yako na sita ya dada yako?"

Nikauachilia mkono wangu.

"Wiki ijayo mlete tena," akasema. "Umlete wewe. Nataka nikuone wewe."

Mtoto aliishi, nisiwaache na wasiwasi. Leo ni bibi mwenye wajukuu. Na mimi niliandikwa mwaka uliofuata, na nyapara mwingine, kwa kuwa meli zilikuwa nyingi na watu wachache. Huko wapakizi wakongwe walinifundisha kwamba gunia halilali mkononi, hulazwa begani kwenye shina la shingo na miguu ndiyo inayofanya kazi. Nilikuwa na ratili mia na thelathini na nne, na nilibeba sawa na waliokuwa mia na themanini. Hesabu ya nesi ilikuwa sahihi, imekosea labda ratili moja. Lakini hayo ni ya baadaye, na hayanisaidii ninapoikumbuka siku ile.

Njiani kurudi dada alitangulia. Nilimfikia, nikaachwa nyuma, nikamfikia tena.

"Kwa nini ulimwambia vile?" nikauliza.

"Nimwambieje? Niseme ndugu yangu ndiye alaye chakula changu? Habari ifike kwa wakwe?" Alimhamisha mtoto bega la pili. "Usijali. Utaandikwa. Si umeshaongeza tisa?"

Hapo nikasema. Nilimweleza mizani ya mbata, muhuri wa serikali, bibi wa Mtongwe, ratili mbili. Nilisema kwa haraka, maneno yanakanyagana, na nilipomaliza nilihisi wepesi, nikadhani nimefanya jambo la ushujaa.

Dada akasimama.

"Wajua tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. "Siku kumi," nikasema.

Alinitazama. Kisha akaanza kwenda tena, akanitangulia mpaka nyumbani.

Mama alikuwa ameshaweka sahani yangu. Sikukaa. Niliichukua, nikaipeleka chumbani kwa dada, nikaiweka mkekani mbele yake, nikasema, "Ni yako." Mama alikuja mlangoni kuuliza kuna nini, akatutazama nyuso. Dada alikuwa amempakata mtoto. Alimenya yai la kwanza kwa mkono mmoja, akalila, akamenya la pili. Alikula polepole. Hakuwa na hamu, alikula kwa kuwa nesi amesema. La tatu alilimenya, akalichovya kwenye chumvi, kisha, kwa mazoea ya siku thelathini na tano, akalisukuma upande wangu.

Hakukusudia. Nina hakika hakukusudia. Ila nilipotazama chini niliona mkono wangu umeshafika kwenye sahani, vidole vimeshaligusa.

Dada aliondoa vidole vyangu kimoja kimoja, akalichukua lile yai, akalitia mdomoni akiwa amenikazia macho. Nilikaa nikamtazama mpaka akameza.